Muwa Ukichomwa Hausubiri: Kazi ya Vyama vya Wakulima wa Miwa Katika Bonde la Kilombero

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Wakulima wadogo wa miwa katika Bonde la Kilombero huuza zao ambalo haliwezi kuwekwa ghalani. Mpunga wa Ifakara unaweza kukaa kwenye magunia hadi bei ipande, na kakao iliyokaushwa vizuri inaweza kusubiri mnunuzi. Muwa haungoji. Ukishapitiwa na moto na kukatwa, sukari iliyomo huanza kupungua, na kila siku unayokaa shambani au njiani humpunguzia mkulima malipo ya kazi ya mwaka mzima. Kwa sababu hiyo, chama cha ushirika cha wakulima wa miwa hakipimwi kwa wingi wa wanachama wake pekee, bali pia kwa uwezo wake wa kusimamia mambo mawili: muda na hesabu.

Makala haya yanaeleza jinsi vyama hivyo vinavyofanya kazi katika msimu, namna malipo ya mkulima yanavyopatikana, na haki ambazo kila mwanachama anapaswa kuzifahamu na kuzitumia.

Chimbuko la vyama

Msafiri anayetoka Mikumi kwenda Ifakara huanza kuona mashamba ya miwa kabla hajavuka Mto Ruaha Mkuu. Upande wa kaskazini wa mto huo ni Wilaya ya Kilosa, kilipo kiwanda cha Ruembe, na upande wa kusini ni Wilaya ya Kilombero, kilipo kiwanda cha Msolwa. Mashamba hayo huendelea chini ya Milima ya Udzungwa, kupitia Kidatu na Sanje kuelekea Mang'ula, ambako hali ya hewa na mvua humwezesha mkulima mdogo kulima miwa bila kumwagilia.

Viwanda hivyo viwili ni vya Kampuni ya Sukari Kilombero, iliyoanza kuzalisha sukari mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1998 kampuni ilibinafsishwa, na Serikali ikabaki na hisa asilimia 25. Tangu wakati huo miwa ya wakulima wa nje, yaani wale wanaolima kwenye mashamba yao wenyewe na kuuza kiwandani, imechukua nafasi kubwa zaidi katika uzalishaji wa sukari bondeni humo.

Awali wakulima hao waliwakilishwa na vyama vya wakulima wa miwa, kikiwamo KCGA kwa upande wa Kilombero na ROA kwa upande wa Ruembe. Kadiri wakulima walivyoongezeka ndivyo vyama vingine vilivyozaliwa, na baadaye vikaanza kubadilishwa kuwa Vyama vya Ushirika vya Mazao na Masoko, maarufu kwa kifupi cha AMCOS. Mabadiliko hayo yaliwaweka wakulima chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013, na usimamizi wa vyama hivyo ukawa chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania.

Kalenda ya msimu

Uvunaji wa miwa bondeni huanza baada ya mvua za masika kupungua na njia za mashambani kupitika. Huendelea kwa miezi kadhaa hadi mvua zinaporejea na kuzuia magari. Shughuli za chama, hata hivyo, huanza mapema kabla ya panga la kwanza kuingia shambani.

Kazi ya kwanza ni makisio. Chama hupita kwenye mashamba ya wanachama, huandika ukubwa wa kila shamba, aina ya mbegu, umri wa miwa na tani zinazotarajiwa. Takwimu hizo huwekwa pamoja ili kukubaliana na kiwanda kiasi cha miwa ambacho chama kitapeleka. Makisio yakiwa makubwa kuliko hali halisi, chama hushindwa kutimiza mgawo wake. Yakiwa madogo, miwa ya baadhi ya wanachama hukosa nafasi na inaweza kubaki shambani hadi mvua zinyeshe. Mwanachama anayetoa taarifa sahihi za shamba lake hujilinda mwenyewe na kuwalinda wenzake.

Kazi ya pili ni ratiba. Muwa unaotokana na mbegu mpya huhitaji takribani mwaka mmoja au zaidi kidogo kukomaa, na baada ya kuvunwa kisiki chake huchipua tena kwa misimu kadhaa. Kwa kuwa mashamba hayakomai kwa pamoja, ratiba ya haki hufuata umri na ukomavu wa miwa. Haipaswi kufuata cheo cha mwenye shamba wala ukaribu wake na viongozi. Orodha hiyo inapobandikwa mahali pa wazi, kila mwanachama anaweza kujua zamu yake na kuhoji inaporukwa.

Kazi ya tatu ni kusimamia moto. Mashamba huchomwa ili kuondoa majani makavu na kuwarahisishia kazi wakataji. Kuanzia hapo saa huhesabiwa. Kanuni inayofahamika katika kilimo cha miwa ni kwamba miwa iliyochomwa inapaswa kufika kwenye mitambo ndani ya siku mbili hadi tatu. Hivyo shamba halipaswi kuchomwa kabla ya kuhakikisha kuwa wakataji, mashine za kupakia na magari vipo tayari. Moto unaowashwa kwa uzembe au kwa hujuma huvuruga ratiba nzima, kwa kuwa shamba lililoungua hulazimika kuvunwa haraka, na waliokuwa na zamu husogezwa nyuma. Barabara za kuzuia moto na vikosi vya ulinzi vya wanachama ni sehemu ya ulinzi wa pato la chama. Pia hulinda misitu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na inayopakana na vijiji vya wakulima.

Uzito pekee hautoshi

Jambo linalozua maswali mengi miongoni mwa wakulima ni malipo. Wakulima wawili wanaweza kupeleka miwa yenye uzito sawa na kulipwa kiasi tofauti. Sababu ni kwamba malipo huzingatia vitu viwili: uzito unaosomwa kwenye mizani na kiwango cha sukari kinachopimwa maabara kutokana na sampuli ya miwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima wa kwanza na wa pili wamepeleka tani 30 kila mmoja. Miwa ya kwanza ina kiwango cha sukari cha asilimia 10, hivyo imebeba tani 3 za sukari. Ya pili ilichelewa njiani na kiwango chake kimeshuka hadi asilimia 8, hivyo imebeba tani 2.4. Tofauti ni kilo 600 za sukari. Gharama za kukata, kupakia na kusafirisha tani 30 ni zilezile kwa wote wawili, kwa hiyo pengo kati yao, kwa uwiano, huwa kubwa zaidi baada ya makato.

Malipo hushuka kwa njia tatu. Kwanza, muwa uliokatwa hukauka na kupoteza uzito. Pili, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huvunja sukari kuwa sukari za aina nyingine ambazo haziwezi kugandishwa kuwa chembechembe kiwandani. Tatu, bakteria huingia kupitia sehemu zilizokatwa au kupasuka na kuila sukari hiyo, huku wakiacha utelezi unaosumbua mitambo. Joto la bondeni huharakisha yote matatu.

Ubora huanzia pia kwenye mbegu. Kwa miaka mingi aina ya NCo 376 ilitawala mashamba, lakini hushambuliwa kirahisi na ugonjwa wa fugwe, ambao hutoa kichwa cheusi kama mkia kutoka kwenye ncha ya muwa na kudhoofisha shina. Utafiti wa miwa nchini huongozwa na Kituo cha Kibaha cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na wakulima hushauriwa kupata mbegu safi kutoka mashamba yaliyokaguliwa badala ya kuchukua vipando popote. Chama chenye shamba lake la mbegu huwarahisishia wanachama kung'oa visiki vilivyochoka na kupanda upya kwa wakati.

Haki ya kuona hesabu

Mwanachama anastahili kupata taarifa ya malipo inayoonesha tani zilizopokelewa, kiwango cha sukari, bei iliyotumika na kila makato kwa jina lake: ukataji, upakiaji, usafirishaji, pembejeo alizokopeshwa na mchango wa chama. Makato yaliyoandikwa kwa jumla bila mchanganuo humnyima mwanachama nafasi ya kuyahakiki. Ni busara pia kutunza risiti za mizani za kila safari, kwa kuwa ndizo ushahidi wa kwanza panapotokea tofauti.

Bei yenyewe hutokana na makubaliano kati ya wakulima na kiwanda. Bodi ya Sukari Tanzania ndiyo msimamizi wa tasnia hiyo kwa mujibu wa Sheria ya Tasnia ya Sukari. Mkulima mmoja mwenye ekari mbili hana nguvu ya kujadili mkataba wa aina hiyo wala kumweka mtu wake wa kushuhudia upimaji maabara. Chama kinaweza kufanya yote mawili, na hiyo ni moja ya sababu kubwa za kuwapo kwake.

Ndani ya chama, chombo chenye mamlaka ya juu ni mkutano mkuu wa wanachama. Huko ndiko bodi huchaguliwa, makisio ya mapato na matumizi hupitishwa na taarifa ya ukaguzi husomwa. Kila mwanachama ana kura moja, awe na nusu ekari au ekari mia. Chama hakipaswi kukopa kupita ukomo wa madeni ulioidhinishwa na mkutano mkuu na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Hesabu hukaguliwa kila mwaka, na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO) ndilo chombo cha Serikali kilichoundwa kwa kazi hiyo. Aidha, Tume imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kama MUVU, ili taarifa za vyama zihifadhiwe na kufuatiliwa kidijitali.

Mwanachama asiyeridhika anapaswa kuanza na uongozi wa chama chake kwa maandishi. Asipopata majibu, anaweza kumwona Afisa Ushirika wa Halmashauri, kisha Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa. Malalamiko yanayoishia vijiweni hayana rekodi na hayawezi kufanyiwa kazi.

Upanuzi na tahadhari zake

Umuhimu wa usimamizi huo unaongezeka. Mwaka 2021 Serikali na wanahisa wenza walikubaliana kuhusu upanuzi wa Kilombero kupitia mradi unaojulikana kama K4, wenye lengo la kuongeza uzalishaji kutoka takribani tani 127,000 hadi tani 271,000 za sukari kwa mwaka. Lengo hilo linategemea kwa kiasi kikubwa miwa ya wakulima wa nje. Kiwanda kikubwa hupunguza foleni ya miwa, lakini faida hiyo humfikia mkulima pale tu barabara za mashambani, magari na ratiba za vyama vinapokwenda kwa kasi ileile.

Wanaotaka kuingia katika kilimo hicho wanakumbushwa mambo mawili. La kwanza ni chakula. Kaya inayogeuza ardhi yake yote kuwa shamba la miwa hulazimika kununua mchele na unga kwa muda wote inaposubiri malipo ya mavuno. Kutenga sehemu ya ardhi kwa mpunga, mahindi au mihogo ni kinga dhidi ya msimu mbaya.

La pili ni mazingira. Ardhioevu ya Bonde la Kilombero iliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ya umuhimu wa kimataifa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Ongezeko la miwa linapaswa kutokana zaidi na tija katika mashamba yaliyopo kuliko kufyeka kingo za mito na mapito ya maji, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayolisha mpunga wa majirani walio chini ya bonde.

Wanachama wanahimizwa kuhudhuria mkutano mkuu wa chama chao kabla ya msimu kufunguliwa, kuhakiki taarifa za mashamba yao katika daftari la chama, na kuomba nakala ya ratiba ya uvunaji. Maswali ya bei, makato na zamu hupata majibu kirahisi zaidi wakati miwa ingali imesimama shambani kuliko baada ya kuchomwa.