Mto Tana haukurudishii dakika zako

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kuna swali moja la aljebra lililonishinda tangu kidato cha tatu. Leo tulimalize pamoja, kando ya Mto Tana pale Garsen.

Tuseme una mtumbwi wa injini. Kwenye maji matulivu unaenda kilomita 10 kwa saa. Mkondo ni kilomita 2 kwa saa. Unapanda mto kilomita 12 kufuata maembe, kisha unashuka. Utumie saa ngapi?

Najua unawaza nini: mkondo unakuchelewesha ukipanda, unakusukuma ukishuka, basi ngoma droo. Zii!

Kupanda ni 12/(10 − 2), saa 1.5. Kushuka ni 12/(10 + 2), saa 1. Jumla saa 2.5. Maji matulivu yangekupa 2.4. Dakika 6 zimeenda, kwa sababu ile spidi ya chini unakaa nayo muda mrefu zaidi.

Sasa weka herufi. Umbali d, mtumbwi m, mkondo c:

d/(m − c) + d/(m + c)

Usijumlishe juu kwa juu, chini kwa chini. Utapata 2d/2m, yaani saa 1.2. Mkondo umepotea, na nusu ya safari pia! Kwanza asili, zile za chini, zifanane: (m − c)(m + c), yaani m² − c². Juu inakuwa d(m + c) + d(m − c). Zile dc zinafutana, unabaki na:

2dm/(m² − c²)

Weka namba: 240/96 = 2.5. Imeingia.

Kupanda kunazidi kushuka kwa muda gani? Hapo unatoa, na ndipo wengi tuliangukia. Alama ya kutoa inagusa mabano yote: dm + dc − dm + dc. Jibu 2dc/(m² − c²), nusu saa.

Mwishoni mwa 2023, mafuriko ya El Niño yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Mto ukifura hivyo, tuseme mkondo ufike 6, safari ile ile inakula saa 3 na dakika 45. Ukifika 10, asili ni sifuri: injini inanguruma, mafuta yanaisha, na wewe uko pale pale.

Kwa hivyo kabla hujaweka petroli ya "ngoma droo", piga hesabu. Giza likikukuta katikati ya Tana, hakuna wa kukusahihishia.