Mirathi ya Vyombo vya Nyumbani (Sehemu ya Tatu): Bunduki ya Marehemu

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia makasha na milango. Leo tunaingia kwenye chombo ambacho warithi wengi wa Mji wa Kale wa Mombasa hukiona mara ya kwanza siku ya kupekua vyumba, matanga yakishakwisha: bunduki ndogo ya .22, imeviringishwa kanga kuukuu na kutiwa uvunguni mwa kitanda au juu ya kabati. Papo hapo watu huanza kuulizana ni ya lini na itauzwa kwa shilingi ngapi. Aghalabu hakuna anayeuliza nani ana ruhusa ya kuishika, na hilo ndilo lingepaswa kutangulia.

Kwa Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hati ya bunduki hupewa mtu kwa jina lake, na wala hairithiwi. Mwenye hati akifariki, bunduki huingia katika tirka pamoja na mali nyingine, lakini ndani ya nyumba hapana tena mkono halali wa kuishika. Kwa hiyo familia ipige ripoti kituo cha polisi, ikiwa na cheti cha kifo na hati ya marehemu. Hati hiyo nayo itazamwe vizuri. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya na kupewa hati mpya. Kijitabu cha miaka ya nyuma ambacho marehemu hakukipeleka kukaguliwa kinaonyesha tu kwamba aliwahi kuruhusiwa. Nimesikia wanaoitia bunduki kwenye mfuko wa sandarusi wakaizungusha mjini kutafuta bei. Hao wanatafuta kesi, na bei hawataipata.

Uchunguzi ufanyike kituoni, au kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni ambaye polisi wamekubali aihifadhi. Anayejua aifungue na kuhakikisha haina risasi ndani. Baada ya hapo kinachotakiwa ni kurunzi, kioo cha kukuzia maandishi na subira.

Risasi ya .22 ina namna yake. Haina fataki katikati ya kitako kama risasi kubwa. Dawa ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo. Mfaransa Flobert ndiye aliyeanzisha mtindo huu mwaka 1845, kwa bunduki za kuchezea shabaha ndani ya nyumba. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ikatoa .22 fupi mwaka 1857, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens ikatoa ile ndefu ijulikanayo kama .22 Long Rifle, ambayo hadi leo ndiyo inayotumika zaidi duniani. Kwa hiyo mtutu uliochongwa maneno ".22 Long Rifle" hauwezi kuwa wa kabla ya 1887, hata wazee wa ukoo wakila yamini kwamba ulishuka forodhani na jahazi la babu wa babu yao.

Ushahidi mzito umo kwenye mihuri midogo karibu na mahali mtutu unapoungana na mwili wa bunduki. Uingereza, kila mtutu hujaribiwa kwa risasi yenye nguvu kupita kiasi kabla ya kuuzwa, kisha hupigwa muhuri. Nyumba ya majaribio ya Birmingham imekuwapo tangu 1813, na bunduki za BSA, zenye nembo ya bunduki tatu zilizoegemeana, nyingi zilipita mikononi mwake. Ukiona taji juu ya herufi BP, taji juu ya BV, na taji juu ya NP, uko kati ya 1904 na 1954. Ukiona taji moja juu ya BNP, uko baada ya 1954. Muhuri haukupi mwaka kamili, ila unatosha kumaliza ubishi wa ndugu wawili ambao mmoja anadai ni ya vita vya kwanza na mwingine anadai baba aliinunua baada ya uhuru.

Bunduki za Brno za Chekoslovakia ndizo rahisi kuliko zote, maana kando ya muhuri hupigwa tarakimu mbili za mwisho za mwaka: 57 ni 1957. Jina la nchi nalo husaidia. "West Germany" ni jina lililokoma mwaka 1990, na Chekoslovakia iligawanyika mwanzoni mwa 1993. Bunduki ya Anschütz iliyoandikwa Zella-Mehlis ni ya kabla ya kampuni hiyo kuhamia Ulm, baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Za Kimarekani zina mtego wake. Kabla ya sheria yao ya mwaka 1968, viwanda havikulazimika kuzipiga namba bunduki zote. Winchester Model 67, iliyotengenezwa kati ya 1934 na 1963, ilitoka kiwandani bila namba. Ukosefu wa namba pekee si dalili kwamba mtu aliipiga tupa. Mtego wa pili ni mwaka ulioandikwa. Winchester Model 1890 iliendelea kutengenezwa hadi 1932, na tarehe nyingine zilizochongwa mtutuni ni za hataza ya uvumbuzi. Mtu husoma 1890 akatangaza kwamba ana kitu cha kale.

Na ukale una uzito wake kisheria. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kitu kama hicho hakitolewi nchini bila kibali, na mtu wa kisiwani anayetaka ushauri ataanzia Fort Jesus. Bunduki ya .22 iliyovuka mpaka huo ni adimu mno. (Magobori yanayoning'inia kwenye maduka ya Ndia Kuu yana habari yake, mengine yalitengenezwa juzi kwa ajili ya watalii, tarehe na taji vikapigwa kwa makusudi.) Wala asidhani mtu kwamba uzee unaiondoa bunduki mikononi mwa sheria ya silaha.

Tuje kwenye bei. Adui wa kwanza hapa ni hewa ya bahari. Kutu ya nje huonekana. Ya hatari ni ile iliyo chini ya mbao, mahali mtutu unapolala, na ile ya ndani. Risasi nyingi za zamani zilikuwa na fataki iliyoacha chumvi mtutuni, na chumvi hiyo huvuta unyevu. Kisiwani unyevu haukosekani, uwe msimu wa kusi au wa kaskazi. Ile mifereji inayouzungusha mwendo wa risasi ikishaliwa, shabaha imekwisha, na bei nayo imeteremka. Magazini iliyopotea huipunguzia thamani. Rangi mpya na msasa huishusha zaidi: anayeing'arisha ili ipendeze machoni mwa mnunuzi anafuta mihuri ile ile tuliyoisoma.

Jambo la pili ni uchache wa wanunuzi. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya Mei 1977, na mnunuzi yeyote lazima kwanza aidhinishwe na bodi ya leseni za silaha. Dalali anayenakili bei za mnada wa Marekani na kuzigeuza kuwa shilingi anawadanganya warithi. Kwangu mimi, thamani ya kuandikwa kwenye orodha ya tirka ni ile ambayo mfanyabiashara mwenye leseni yuko tayari kuilipa leo, kwa maandishi, baada ya kuutazama mtutu ndani.

Hesabu ya faraidhi inaonyesha kwa nini. Tuseme marehemu ameacha mjane, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, madeni yameshalipwa, na bunduki imekadiriwa kwa Sh40,000. Mjane ana thumni, Sh5,000. Kijana anapata Sh17,500, na kila binti Sh8,750. Kijana akitaka kubaki nayo, naye akapata hati yake mwenyewe, atawafidia wenzake Sh22,500. Dalali akiipandisha hadi Sh120,000, fidia inakuwa Sh67,500 kwa chombo ambacho hakuna wa kukinunua kwa bei hiyo. Mbele ya kadhi, kijana ana haki ya kudai makadirio mengine.

Asipopatikana mrithi wa kupewa hati, bunduki iuzwe kupitia mfanyabiashara huyo na fedha zigawanywe. Gharama za kuihifadhi kabla ya mauzo zikatwe kwenye tirka kwanza, zisibebeshwe yule aliyeipeleka kituoni. Risasi zilizomo kwenye kikopo nazo zikabidhiwe polisi kwa hesabu na stakabadhi. Zisiandikwe kwenye orodha kwa bei yoyote.

Sehemu ya nne itahusu majambia na mapambo ya fedha.