Fundi na Shamba Lake (4): Ubao Hukauka Mwenyewe Akiwa Safarini

Jumatatu, tarehe 13 Novemba 2023, Serikali ya Kenya ilitupa siku ya mapumziko ili tupande miti: miche milioni 100 kwa siku moja, na bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nilikuwa Shinyalu, Kakamega, na jembe langu. Nilifurahi kuwaona watoto wamebeba miche, ila wengi walikuwa wamebeba mikaratusi. Hapo ndipo likanijia swali ambalo msomaji wa makala hizi amelizoea: mti huu atakuja kuupasua nani, na kwa kazi gani?

Patasi tumekwisha kuinoa, na vitalu vya mboga tulivimaliza katika sehemu ya tatu. Leo ni zamu ya safari, maana wengi huniuliza mtu wa kijijini atawezaje kuwa seremala, mkulima na msafiri kwa pamoja.

Wazee wetu waliweza. Mwaka 1902 Waquaker watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, kusini mwa hapa, wakaanzisha misheni ambayo kazi za mikono zilitajwa katika jina lake lenyewe. Walitafuta mahali penye maji yaendayo kasi ili mto uwazungushie msumeno wa kupasulia mbao. Vijana wakajifunza kusoma, kulima na kusukuma randa mahali pamoja, bila kuambiwa kwamba mwenye kitabu hashiki tezo. Walioiva waliondoka na ujuzi wao: huku wakaezeka shule, kule wakatengeneza milango, na mvua zikikaribia wakarudi makwao kupanda mahindi. Huo ndio usomi ninaoulilia, na ninasikitika kila nikiona shule ambayo mtoto anamaliza masomo bila kugusa ubao isipokuwa ule wa chaki.

Kisha ikaja dhahabu. Mwaka 1931 habari zake zilisambaa, wageni wakamiminika Kakamega, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi miaka ya hamsini. Mgodi hula miti, kwa kuwa kila shimo linahitaji nguzo. Msitu wetu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1933. Mgodi ulipofungwa, mashimo yakabaki, na aliyekuwa na miti nyuma ya nyumba akabaki na mali.

Mti wa kupanda nyuma ya nyumba ni lusiola, ule wenye maua ya njano. Mchwa hawaupendi, na ukiukata kisiki huchipua tena. Babu yangu aliuotesha mpakani mwa shamba, akawa anakata nguzo moja moja bila kuumaliza.

Sasa, kuhusu safari. Ubao wa inchi moja huhitaji karibu mwaka mzima kukauka kivulini. Anayeuharakisha atauona ukipinda mlangoni mwa mteja. Kwa hiyo pasua Januari, jua likiwa kali. Panga mbao juu ya vijiti ili hewa ipite katikati, kisha uzitie mawe juu. Mvua za Machi zikianza, shika jembe. Palizi ya pili ikiisha, panda matatu uende Kisumu, Mombasa au Kampala, ukaangalie wenzako wanavyounga viti na kuchonga milango. Mbao hazitakulaumu kwa kuondoka. Mboga ndizo zitakazolalamika: saga na managu hutaka mkono wa mtu kila siku chache, na mrenda usiochumwa hukomaa ukawa mgumu. Mimi humwachia shemeji bustani, naye huchuma apendavyo. Nikirudi humletea mbegu za huko nilikokwenda.

Miche yangu ya Jumatatu hiyo ni kumi na miwili, yote lusiola, mpakani pale pale pa babu. Rundo la mbao nililolipanga Januari iliyopita bado liko chini ya ghala. Juzi nililigonga kwa kifundo cha kidole, nalo likalia kama ngoma. Mwezi ujao nitaanza meza.