Kalemie: Kabla ya kujenga baraza mbele ya ziwa, tafuta kwanza alama ya maji

Katika mji wa Kalemie, jimbo la Tanganyika, baraza ndiyo salon ya kila siku. Hapo wageni wanakaribishwa, na jioni wakaaji wanatafuta hewa ya ziwa. Lakini tangu Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka wa 2020 na 2021, kisha tena 2024 na kuingia katika nyumba nyingi za ukingoni, kujenga baraza kumekuwa hesabu nyingine.

Ziwa linapokea mito mingi, lakini maji yake yanatokea njia moja tu: mto Lukuga, unaoanzia hapo hapo Kalemie na kuelekea Lualaba. Mambo hayo si ya leo. Mwaka wa 1876 Stanley alikuta Lukuga imezibwa na matope na majani. Miaka michache baadaye maji yakavunja kizuizi hicho, ziwa likashuka mita kadhaa.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kununua ubao hata mmoja. Maji yanafika juu zaidi karibu na mwezi wa tano. Anayepima kiwanja wakati wa kiangazi anaona mchanga mpana na kudanganyika. Alama iliyobaki kwenye kuta za majirani mwaka wa 2024 inasema ukweli zaidi. Sakafu ikae juu yake.

Hapo baraza ya mbao juu ya nguzo inashinda ile ya udongo uliojazwa. Mawimbi yanakula udongo, lakini chini ya mbao maji yanapita na kurudi. Nguzo zisimame juu ya misingi ya beto, mbao isiguse ardhi, maana mchwa hawangoji. Mvule unavumilia, ingawa bei yake ni kali. Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ndogo ili mvua ishuke.

Upande nao una maana. Kalemie inatazama mashariki: jua linatokea ziwani na kupiga baraza asubuhi, lakini mchana ukipita nyumba yenyewe inatoa kivuli. Paa refu la mabati linaweza kungoja; upepo wa kiangazi kutoka kusini-mashariki ungelibeba kama halikufungwa vizuri.

Na kama alama ya 2024 iko dirishani, fundi mwaminifu atakataa kazi. Pesa ya mbao iende kwanza kwenye kiwanja cha mlimani.