Uzio wa seng'enge: Tatizo si waya, ni nguzo za kona

MFUGAJI wa kuku au mkulima wa bustani anayezungushia nyumba yake uzio wa wavu wa seng'enge huwa ametoa fedha nyingi kwa mpigo. Ni mtaji ambao ungeweza kununua vifaranga, mbegu au bidhaa za duka. Ndiyo maana inauma pale ambapo, baada ya masika moja tu, nguzo za kona zimeinamia ndani, wavu umelegea kama chandarua na mbuzi wa jirani wanapita chini yake kufuata mchicha.

Lawama huenda kwa muuza waya. Lakini wavu wa aina hii haujishikilii wenyewe. Huvutwa ukakazwa, na mvuto wote huishia kwenye nguzo za kona na za geti. Nguzo hizo zikishindwa, hata waya nene kuliko zote haitasaidia. Uzio hufanikiwa au kuharibika wakati wa kupanga, kabla ya kwenda dukani.

Mpaka kwanza

Kazi ya kwanza haina gharama kubwa: kuhakiki mpaka. Kiwanja kilichopimwa kina mawe ya mpaka, yaani bikoni. Yasing'olewe wala kusogezwa kupisha shimo la nguzo, kwani kuharibu alama za upimaji ni kosa kisheria. Kama eneo halijapimwa, waite majirani wote mnaopakana pamoja na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kubalianeni, andikeni na kutia saini. Kesi ya mpaka hula fedha kuliko saruji.

Hesabu ya vifaa

Chukua mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mzunguko wake ni mita 100. Ukitoa mita 3 za geti, zinabaki mita 97 za wavu. Kama rola moja ina mita 18, zinahitajika rola 6, na zitabaki mita 11 za akiba.

Nafasi kati ya nguzo isizidi mita 3. Upande wa mita 30 utakuwa na nafasi 10, na upande wa mita 20 nafasi 7. Kwa pande zote nne ni nafasi 34, hivyo nguzo 34: nne za kona, mbili za geti na 28 za kati. Geti litachukua nafasi moja kwenye upande mrefu.

Hapo ndipo makadirio mengi huishia, na hapo ndipo hasara huanzia. Nguzo ya kona huvutwa kutoka pande mbili, kwa hiyo inahitaji nguzo mbili za kuegemeza, au sapoti kama mafundi wanavyoziita. Kila nguzo ya geti inahitaji moja. Jumla ni sapoti 10. Fundi anayetaka bei yake ionekane ndogo huanza kupunguza hizo.

Kwa uzio wa futi 6, nguzo iwe na urefu wa mita 2.4 ili sentimita 60 zifukiwe. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, chimba sentimita 75 au zaidi na uongeze urefu wa nguzo kwa kiasi hicho. Kwa mashimo yenye upana wa sentimita 30 kila upande, na zege la ndoo moja ya saruji, tatu za mchanga na sita za kokoto, kazi nzima itatumia kama mifuko 10 ya kilo 50.

Jihadhari na geji

Wanunuzi wengi huchanganywa na namba ya geji. Namba ikipanda, waya inakuwa nyembamba. Geji 12 ina unene wa milimita 2.6 hivi, geji 14 milimita 2 na geji 16 milimita 1.6. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini kutoka geji 12 hadi 14 chuma kinapungua kwa asilimia 40 hivi.

Dawa yake ni mzani. Rola mbili zenye kimo, urefu na matundu sawa zikipimwa, iliyo nyepesi ndiyo yenye waya nyembamba. Muuza vifaa anayetaja geji na uzito bila kuulizwa hujijengea wateja wa kudumu. Kwa wakazi wa Pwani, waya iwe imepakwa zinki vizuri, maana hewa ya chumvi hula chuma haraka.

Kusimika na kukaza

Anza na nguzo za kona na za geti. Zinyooshe kwa timazi, funga kamba kutoka moja hadi nyingine, kisha panga za kati kwa kuifuata kamba hiyo. Sapoti ilale kwenye mstari wa uzio, upande ambao nguzo itavutwa, na mguu wake ushikwe na zege.

Mwagilia zege na usubiri angalau siku 7. Fundi anayetaka kukaza waya kesho yake anaharibu kazi yake mwenyewe.

Baada ya hapo vuta waya tatu za kukazia: juu, katikati na chini. Kwa mfano huu, nunua mita 310 hivi. Pitisha nondo kwenye matundu ya mwisho ya wavu, uifunge kwenye nguzo ya kona, kisha vuta wavu kuelekea kona ya pili huku ukiufunga kwenye waya hizo. Kuunganisha rola mbili, zungusha uzi mmoja wa pembeni kama skrubu mpaka utoke, kisha uuzungushe upya kati ya rola hizo. Uzio uliokazwa vizuri ukisukumwa kwa kiganja hurudi mahali pake.

Mwenye kuku akumbuke kwamba kifaranga na nguchiro hupenya matundu makubwa. Sehemu ya chini iongezewe wavu wa kuku au msingi mfupi wa matofali.

Fedha zikipungua

Fedha zisipotosha, usiongeze nafasi kati ya nguzo wala kushuka hadi waya nyembamba. Ni nafuu kujenga upande mmoja kikamilifu kila baada ya mavuno, na pande zilizobaki zikalindwa na michongoma au minyaa. Upande uliojengwa vizuri utakuwa bado umesimama utakaporudi na fedha za upande wa pili.