Kwa nini sumaku haiishiki dhahabu

Huko Tiira, wilaya ya Busia nchini Uganda, mchimbaji mdogo akishaosha udongo wake kwenye karai hubaki na vitu viwili visivyoachana kirahisi: chembe za dhahabu na mchanga mweusi mzito. Sumaku ikipitishwa juu yake, mchanga ule mweusi huirukia na kuing'ang'ania, dhahabu ikabaki chini imetulia. Ikitiwa zebaki, mambo yanageuka: zebaki huimeza dhahabu na kuuacha mchanga.

Mwanafunzi wa Lumino, kwenye barabara iendayo Majanji ziwani, ana haki ya kuuliza: ikiwa dhahabu ni metali, tena hupitisha umeme vizuri takriban mara nne zaidi ya chuma, mbona sumaku haiitambui?

Ni swali zuri, kwa sababu linafichua dhana ambayo wengi huibeba hadi mtihani wa mwisho, kwamba kupitisha umeme na kuvutwa na sumaku ni sifa moja. Umeme huhitaji elektroni zilizo huru kutembea, na dhahabu inazo. Sumaku inadai kitu kingine. Kila elektroni ni kisumaku kidogo mno, lakini katika vitu vingi elektroni hukaa mbilimbili, kila moja ikielekea kinyume cha mwenzake, na nguvu zao hufutana. Chuma kina elektroni zisizo na mwenza, na atomi zake jirani hukubaliana kuelekea upande mmoja. Makubaliano hayo ndiyo yanayoleta nguvu yote. Moto huyavunja: chuma kikipashwa kupita nyuzi 770 za Selsiasi, sumaku haikivuti tena mpaka kipoe.

Mchanga mweusi wa karai mara nyingi ni magnetiti, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Kutu ya bati nayo ni chuma na oksijeni, lakini sumaku huivuta kwa udhaifu sana. Viungo ni vilevile ila mpangilio umebadilika, na mpangilio ni kazi ya kemia.

Hata hivyo, dhahabu haikuepukana kabisa na sumaku. Haivutwi, lakini sumaku ikisogezwa haraka karibu nayo, elektroni zake husukumwa, na mkondo huzaliwa. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1831. Shaba ni rahisi zaidi kujaribia: sumaku yenye nguvu ikidondoshwa ndani ya bomba nene la shaba huteremka polepole, kana kwamba inapita kwenye asali, kwa sababu mkondo uliozaliwa hutengeneza usumaku unaoupinga mwendo ule ule uliouzaa. Huko Jinja, kituo cha Owen Falls kilichofunguliwa mwaka 1954 hufanya kazi kwa kanuni hiyo: maji huzungusha sumaku za umeme katikati ya nyaya za shaba. Transfoma iliyo juu ya nguzo nayo inaishi kwa mabadiliko, maana mkondo wake hugeuka mara 100 kila sekunde. Ukiiunganisha moja kwa moja na betri ya sola, mkondo unatulia, na upande wa pili haupati kitu.

Turudi kwenye zebaki, ambako kuna hatari. Katika jedwali la elementi, dhahabu ni namba 79 na zebaki namba 80, jirani mlango kwa mlango. Atomi za dhahabu huingia ndani ya zebaki na kufanya aloi laini. Mchanga wa kawaida ni silika. Elektroni zake zimefungwa imara baina ya silikoni na oksijeni, hivyo zebaki haina pa kushika. Chuma nacho hakichanganyiki nayo, na ndiyo maana tangu zamani zebaki husafirishwa katika chupa za chuma.

Kisha mchimbaji "huichoma" aloi ile. Neno hilo linapotosha vibaya. Kuni zikichomwa huungana na oksijeni na kuwa vitu vingine, lakini zebaki huchemka tu, kwenye nyuzi 357, wakati dhahabu inangoja nyuzi 1,064 hata kuyeyuka. Hakuna atomi moja ya zebaki iliyoteketea. Imeingia kwenye mapafu ya aliyesimama karibu na moto, au imetua juu ya paa na udongo, mvua ikaipeleka mtoni. Kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hujilimbikiza katika samaki, na kutoka kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni na kudhuru ubongo wake.

Chombo kidogo cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopozwa kwa maji hubadili mambo: mvuke hupoa ndani ya bomba, ukarudi kuwa matone mazito ya rangi ya fedha yanayodondoka kwenye bakuli, tayari kutumika tena.