Karatasi Inapogeuka Kuwa Uzi

Mwishoni mwa muhula mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nilikusanya vijamvi vya karatasi walivyofuma wanafunzi wangu katika shule moja ya hapa Eldoret, nikavitia jaani. Alama zilikuwa zimekwisha kutolewa. Mtoto mmoja alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, na changu kimetupwa?" Nilimjibu, kwa wepesi ambao sasa unanitia haya, kwamba ilikuwa karatasi tu.

Jibu hilo lilinirudia majuzi nilipofunua kitabu cha picha na kuona pazia la ukutani lililofumwa kwa ufundi wa Kijapani uitwao shifu. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni kitani. Kumbe uzi wake ni karatasi!

Ndugu msomaji bila shaka atauliza karatasi husokotwaje. Washi, yaani karatasi ya jadi ya Wajapani, aghalabu hutengenezwa kwa gome la ndani la mti uitwao kozo, ambao ni jamaa ya mforosadi. Nyuzinyuzi za gome hilo ni ndefu, nazo hushikana barabara. Fundi huikunja karatasi, kisha huikata kanda nyembamba za milimita mbili au tatu, lakini kisu chake hakifiki ukingoni. Hapo ndipo penye ujanja. Huitia unyevu, akaiviringisha juu ya jiwe kwa viganja hadi kila ukanda ujikunje kama ujiti. Baadaye hupasua ukingo wa upande huu, kisha wa upande ule, kwa zamu, hata karatasi nzima ikawa ukanda mmoja usiokatika. Ndipo ukanda huo husokotwa. Mara nyingi mtande huwa wa hariri, pamba au kitani, na karatasi ikawa mshindio. Ingawa kipo pia kitambaa cha karatasi tupu. Nacho hufulika!

Mji wa Shiroishi, kaskazini mwa Japani, ulisifika kwa kazi hiyo katika enzi ya Edo (1603-1868). Huko baridi haikuiruhusu pamba kustawi. Basi watu wa mashamba walichukua kurasa za daftari kuukuu za hesabu, wakazikata na kujifumia mavazi, na wino wa madeni ya zamani ukaacha madoadoa katika nguo.

Tusidhani kwamba maarifa haya ni ya mbali mno. Jirani zetu Waganda hulipiga nyundo gome la mutuba likawa nguo, na mutuba na kozo ni miti ya jamii moja. UNESCO iliitambua kazi ya Waganda mwaka wa 2005. Ya washi ya Wajapani iliorodheshwa mwaka wa 2014.

Na sisi wa Eldoret je? Mji huu ulilelewa na uzi. Wazee wengi hapa bado huhesabu miaka kwa zamu za Rivatex, kiwanda kilichoanguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, na kufunguliwa upya mwaka wa 2019 baada ya kutiwa mitambo mipya. Ukishika barabara kuu kuelekea Malaba utafika Webuye, kulikokuwa na kiwanda kikubwa cha karatasi hadi kilipofungwa mwaka wa 2009. Uzi huku, karatasi kule, na njia ni moja! Lakini tulizoea kuamini kwamba vyote viwili hutoka kiwandani, hata milango ilipofungwa tukaona kana kwamba na maarifa yamefungiwa ndani.

Shule nazo hazikutusaidia. Sanaa na ufundi ulipoondolewa katika mtihani wa darasa la nane, walimu wengi, nami nikiwamo, tuliufunga ukurasa huo. Mtaala ulioanza mwaka wa 2017 umeurudisha ufumaji, lakini nauona ukigeuzwa kazi ya nyumbani: mzazi hununua vifaa, mzazi hufuma, mtoto hupiga picha. Sijui anayepewa alama ni nani.

Juma lililopita nililijaribu jambo hili darasani. Tulikata gazeti kwa mtindo wa Shiroishi, tukalitia unyevu, tukaviringisha. Ukanda ulikatika kabla haujafika urefu wa mkono. Mwanafunzi mmoja akaleta karatasi ya mfuko wa saruji kutoka mahali panapojengwa karibu na shule. Ilivumilia. Darasa zima likataka kujua kwa nini, tukamaliza kipindi tukichana karatasi za kila aina na kuzitazama kingo zake kwa lenzi, tukilinganisha urefu wa nyuzinyuzi. Sikuwa nimeliandaa somo hilo, wala kengele haikusikika.

Uzi wa saruji, kama wanavyouita, nimeufunga dirishani. Kila asubuhi yupo anayeuvuta kuona kama utakatika leo.